Sifuri za Mwalimu wa Karama

Habari ya kufa kwa Mwalimu ilinifika kwa simu, katika lile kundi letu kubwa la Waswahili wa Dubai. Ilikuwa imebanwa katikati ya tangazo la kitanda cha kupanga mtaa wa Karama, ghorofa ya pili, karibu na metro, wasiovuta sigara tu, na picha ya dagaa waliowasili jana yake kutoka nyumbani. Aliyeiandika alikosea umri wa marehemu na alikosea mkoa aliotoka. Chini yake watu waliweka mikono ya kuomba na nyuso za machozi, nyingi, zimepangana kama tasbihi, kisha mtu akauliza kama hao dagaa wameoshwa mchanga, na mazungumzo yakaendelea. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya stesheni, nimevaa sare, zamu yangu inaanza baada ya nusu saa. Niliisoma ile habari mara mbili, nikaweka simu mfukoni, nikaingia kazini, kwa sababu ndivyo tunavyofanya hapa.

Ninyi mnaosoma safu hii tangu ilipoanza katika kijarida chetu mnanijua kuwa si mtu wa maneno mengi wala wa shule nyingi. Niliishia darasa la saba, Tanga, na Kiswahili hiki nimekinyoosha kwa kusoma, si kwa kufundishwa. Sina desturi ya kuandika nikiwa na hasira. Safari hii ninayo na sitaificha. Nawakasirikia watu kadhaa, na nitawafikia mmoja baada ya mwingine bila kuwataja majina, maana wenyewe mtajijua. Wa mwisho katika foleni hiyo ni mimi.

Mwalimu alikuwa mtu wa nyanda za juu kusini, kule kwenye baridi na viazi. Alifundisha jiografia na sayansi katika shule moja ya misheni kwa miaka thelathini na mmoja, akastaafu, akaja huku kwa ajili ya kumsomesha mjukuu aliyebaki bila baba. Alipata kazi ya ulinzi katika mnara mmoja wa Jumeirah Lake Towers, mnara huohuo ninaofanya kazi mimi. Alikuwa mrefu, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, na shati la sare limepigwa pasi hata siku za joto ambazo pasi ni kichekesho. Tulimwita Mwalimu tangu siku ya kwanza, na baadhi yetu tulimwita hivyo kwa kumdhihaki. Yeye aliitika tu.

Jambo alilokuwa akilifanya, ambalo wengi wenu mlilicheka, ni hili. Juu ya paa la jengo la Karama alikopanga kitanda, katikati ya madishi ya televisheni na mashine za kiyoyozi, Mwalimu aliweka kipima mvua. Alikitengeneza mwenyewe kwa kopo la samli lililonyooka, faneli na chupa, na alikuwa na silinda ya kioo ya kupimia aliyotoka nayo nyumbani ameizungushia sweta. Kila siku, saa tatu kamili asubuhi, kabla ya kushuka kwenda kupanda metro, alipanda paani, akafungua kopo, akatazama, akaandika. Katika mji huu ambamo mwezi hupita, na mwingine, na mwingine, bila tone, aliandika sifuri. Kesho yake akapanda tena, akatazama, akaandika sifuri. Mara ya kwanza nilipomkuta huko juu nilimwambia, "Mwalimu, hapa ni jangwani. Si ungeandika tu sifuri za mwaka mzima ukiwa kitandani, siku ikinyesha ukabadilisha?" Akafuta miwani kwa ncha ya shati. "Hizo zingekuwa zako," akasema. "Hizi ni za kopo."

Mambo hayo hakuyabuni. Alirithi. Aliyemfundisha hesabu utotoni alikuwa padri mmoja mzee, mtu wa kabila lake, miongoni mwa mapadri wa kwanza wa kwao. Padri yule alikuwa na kipima mvua cha shaba nyuma ya sakristia, kile chumba cha vyombo vya misa, na hakuna misa, harusi wala msiba uliomkosesha saa tatu yake. Mwalimu alinisimulia kuhusu mwaka mmoja wa ukame, mahindi yamekauka yakiwa kimo cha goti, waumini wakamwomba padri afanye novena ya mvua. Padri akafanya, siku tisa, kanisa limejaa hadi nje. Asubuhi ya siku ya kumi wazee wa kanisa wakamfuata nyuma ya sakristia, wakamwona anafungua kopo, anatazama, anachukua kalamu. Mmoja akamshika mkono. "Baba, leo usiandike. Ukiandika sifuri baada ya novena unamwaibisha Mungu." Padri akaandika sifuri, akafunga daftari. "Mungu ninayemwomba," akawaambia, "hajawahi kunituma nimdanganyie." Wengine walikasirika, wakaacha kuja kanisani mwezi mzima. Mwalimu, mtoto wa miaka kumi na moja aliyekuwa amebeba kalamu na wino, aliondoka pale ameamua atakachokuwa.

Padri alipokufa, kijana yule, sasa mwalimu, alichukua kopo na daftari. Kila mwisho wa mwezi alijaza kadi ya jumla ya mwezi na kuipeleka ofisi ya hali ya hewa; mvua ya siku moja moja ilibaki daftarini. Hakuna aliyempa cheo kwa hilo, hakuna aliyemkagua. Leo kila mtu ukimgusa anasema mvua za nyumbani zimebadilika; kila mtu ana mjomba aliyemwambia. Mwalimu hakuwa akisema. Ukimuuliza alikuwa akifungua kaunta buku, daftari lake nene, anakuonyesha kwa kidole: hapa masika yalianza wiki hii, hapa yamechelewa, hapa yamekuja yote kwa siku tatu na daraja likaenda. Alipokaribia kustaafu alianza kunakili daftari zote kwa mkono, za padri na zake, kwa sababu aliijua stoo ya shule. Aliijua vizuri. Mwaka wa pili akiwa hapa, mwalimu mwenzake alimpigia simu kwamba mkuu mpya wa shule amesafisha stoo apate pa kuweka viti vya plastiki vya mahafali, na daftari zimekwenda jikoni kuwashia kuni za maharage. Huyo mkuu wa shule simjui na hatasoma safu hii, lakini yumo kwenye orodha yangu. Tangu siku ile mvua yote ya mahali pale, ya maisha mawili ya watu wawili, ilibaki katika kaunta tano zilizokuwa chini ya kitanda kimoja Karama, ndani ya begi la bluu.

Sasa nije kazini kwetu, na hapa baadhi yenu mtaanza kukaa vibaya kwenye viti.

Mlinzi wa mnara ana kitabu cha raundi. Kila baada ya saa mbili anatakiwa ashuke chumba cha pampu kilicho chini ya maegesho, apande paani, apite ngazi za dharura, kisha arudi mezani aandike saa na kutia sahihi. Ninaandika kwa walinzi na kwa wasio walinzi, kwa hiyo nitasema wazi jambo ambalo sisi walinzi hatulisemi: raundi nyingi haziendwi. Tunaziita raundi za kiti. Mtu anakaa, mwisho wa zamu anachukua kalamu, anajaza safu nzima kwa mkupuo mmoja, vyema, vyema, vyema, na wajanja hubadilisha kalamu katikati ili ionekane ni saa tofauti. Mimi nimekuwa nikibadilisha kalamu kwa miaka saba.

Mwalimu alikwenda raundi zake. Siku moja familia ilikuwa inahamia ghorofa ya kumi na tisa, lifti ya mizigo imekufa, naye akazuiwa mlangoni na makabati na majokofu tangu saa saba hadi jioni. Raundi mbili zikampita. Katika kitabu, kwenye mistari miwili hiyo, aliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: sikwenda. Msimamizi wetu, mtu wa nyumbani kabisa, mtu ambaye nyote mnamjua kwa suti zake za harusini, alikuja na kitabu mkononi.

"Mwalimu, hii nini?"

"Raundi ya saa saba na ya saa tisa."

"Umeandika hukwenda."

"Sikwenda. Nilikuwa na wale wanaohamia."

"Sikiliza, mzee wangu. Madam wa ofisi ya jengo anapitia kitabu hiki kila wiki. Chana huo ukurasa, andika upya, weka vyema, khalas, tusiharibiane mkate."

"Nikichana huu, hizo kurasa nyingine atazisadiki vipi?"

"Nani kakwambia anazisadiki? Anazihesabu tu."

Mwalimu akamtazama, kama anayepima kama mwanafunzi huyu anafundishika. "Basi mimi siandiki za kuhesabiwa," akasema.

Msimamizi akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa pembeni na sajili ya wageni. "Unamsikia huyu? Anadhani yuko darasani bado." Akacheka. Nami nikacheka. Ninaiandika hapa ili isije ikasemwa baadaye kwamba nilikaa upande wa Mwalimu: nilicheka, na nilicheka kwa sauti.

Wiki iliyofuata Mwalimu alihamishiwa geti la maegesho, katika kibanda cha bati na kioo ambacho kiyoyozi chake hutoa upepo wa moto kama pumzi ya ng'ombe. Alikaa humo majira matatu ya joto. Mtu wa miaka sitini na kitu. Tulikuwa tukimpelekea maji, tukirudi ndani kwenye marumaru na baridi, tukisema, mzee naye mbishi. Kati ya majira hayo, bomba lilipasuka chumba cha pampu. Fundi alipofungua mlango maji yalimfika magotini, yalikuwa yamekusanyika siku nzima, na kitabu cha raundi kilisema vyema, vyema, vyema, mpaka nusu saa kabla ya mlango kufunguliwa. Nilidhani siku ile mtu atamkumbuka Mwalimu. Madam alikasirikia bomba. Msimamizi alileta kitabu kipya chenye jalada gumu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi nimeishi Dubai miaka kumi na minne na nimeiona njia hiyo: ni ndefu, ina lami na ina taa.

Januari hii moyo wa Mwalimu ulimshinda. Alianguka ngazini Karama, akitoka paani, silinda mkononi. Haikuvunjika, nasikia aliishika kifuani kama kifaranga. Nilipomfuata hospitali siku ya kwanza hakuniuliza kuhusu daktari wala kazi. Alinipa kaunta ya mwaka huu, ile ya sita, iliyokuwa kwenye mfuko wa koti lake kubwa, na kipande cha karatasi chenye maagizo. "Saa tatu," akasema. "Ukipanda, chuchumaa, macho yalingane na maji. Usisome ukiwa umesimama." Nikamwahidi.

Mimi ninaishi Al Quoz. Kufika Karama saa tatu na kisha kurudi hadi Jumeirah Lake Towers kwa zamu ya saa tano maana yake ni kuamka mapema kuliko mwili unavyotaka. Siku mbili za kwanza nilikwenda. Nilichuchumaa. Kopo lilikuwa kavu, nikaandika sifuri. Siku ya tatu nilichelewa kuamka, nikaandika sifuri nikiwa kwenye chumba cha mapumziko, kwa simu nimeona kwamba hali ya hewa ni jua. Siku ya nne hata simu sikuitazama. Ya tano, ya sita, ya saba, ya nane, sifuri, sifuri, na mkono wangu, mkono wa mtu aliyezoea kazi hiyo, ulibadilisha kalamu wenyewe bila kuambiwa.

Siku hiyo ya nane nilikwenda kumtazama. Alikuwa amepungua sana, mirija puani, lakini macho yaleyale.

"Umeandika?"

"Nimeandika, Mwalimu. Sifuri zote."

"Umeziona?"

"Nimeziona."

Akageuza kichwa dirishani. "Jumatano," akasema taratibu, akivuta pumzi kati ya neno na neno, "niliona matone kwenye kioo hiki. Machache. Asubuhi na mapema."

Ninakumbuka mashine ikipiga mlio, na muuguzi wa Kifilipino akiingia kubadilisha dripu, akitoka. Nikasema, "Labda Karama haikunyesha. Mvua ya huku huanguka mtaa mmoja ikauacha wa pili."

"Labda," akasema. "Labda sifuri yako ni ya kweli. Lakini umeipata kwa uongo, kwa hiyo haitusaidii." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. "Ukirudi, irekebishe. Usifute. Kosa halifutwi, linapigwa mstari mmoja ulionyooka, lisomeke, na juu yake unaandika haikupimwa. Hiyo si aibu. Kutopima hutokea kwa kila mtu. Padri mwenyewe anazo siku tatu, alikuwa na malaria."

Nikasema sawa, Mwalimu. Siku mbili zilizofuata nilipanda paani na kupima kwa haki. Lakini zile siku sita sikuzigusa. Kila nilipofungua ukurasa niliona haya, nikaufunga, nikajiambia kesho. Siku ya pili ya hizo mbili ndiyo niliyosoma habari nje ya stesheni, katikati ya kitanda na dagaa.

Jioni ile binti yake alinipigia kutoka nyumbani. Naye ni mwalimu, wilaya nyingine. Hakulia kwenye simu. "Baba mdogo," akasema, "nguo zake mgawieni wanaohitaji. Mimi ninaomba kitu kimoja, zile kaunta. Zije pamoja na mwili. Ziko kwenye begi la bluu, chini ya kitanda." Nikamwambia, mwanangu, hilo halina shaka. Nilikuwa nimetoka kujifunza kitandani kwa baba yake thamani ya ahadi zangu, na bado nilitoa nyingine kwa wepesi uleule. Mwenye chumba simu yake haikupokelewa siku ile wala ya pili, na chumba kilikuwa kimefungwa. Ningeweza kukaa mlangoni mpaka arudi. Nilikuwa na zamu.

Matanga yalifanyika Jumamosi, nyumbani kwa mmoja wetu aliyefanikiwa, Jumeirah Village Circle, sebule kubwa, pilau, viti vya kukodi. Nitasema nilichokisikia. Kiongozi wetu wa jumuiya alisimama akasema Mwalimu alikuwa baba wa sote, na kwamba katika siku zake kumi hospitalini hakukosa hata siku moja watoto wake wa Dubai pembeni ya kitanda. Mimi nilikwenda siku tatu kati ya hizo kumi. Kila nilipokwenda nilimuuliza muuguzi nani mwingine amekuja, na kila mara alinijibu kuwa ni yule Mhindi, mlinzi wa jengo la Karama, mtu wa Kerala ambaye hajui neno moja la Kiswahili. Siku ya nane aliongeza kuwa mgonjwa ameacha kuuliza. Kisha akasimama msimamizi wetu, suti nyeusi, leso mkononi. Alisema, nami ninamnukuu kwa sababu niliyaandika kiganjani palepale: "Marehemu alinifundisha uaminifu katika kazi. Nilimlea kama mzazi wangu." Watu wakaitikia amina. Mama mmoja akalia. Nami, ambaye nilikuwa pale siku ya kitabu, nilikula pilau. Ninasema leo, kwa maandishi, kwa sababu mdomo wangu ulikosa ujasiri.

Baada ya chakula nilimwona mwenye chumba cha Karama, kijana wa Nairobi anayepangisha vitanda sita na kuviendesha vizuri, sisemi hapana. Nilimvuta pembeni, karibu na jokofu.

"Lile begi la bluu la Mwalimu liko wapi?"

"Begi iko. Nilipea mtu wa bed mpya."

"Na zilizokuwa ndani?"

"Zile mabuku? Buda, hizo zilienda na makartoni Alhamisi. Kuna msee alikuwa anaingia hiyo bed, ilibidi niclear."

"Ulizifungua?"

"Nilifungua moja." Akainua mabega, wala hakuwa na ubaya usoni, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Sifuri, sifuri, sifuri, page nzima. Nikafungua ingine, imejaa namba namba tu. Nikajua mzee alikuwa anapitisha time. Ulikuwa unazitaka? Si ungesema."

Si ungesema. Ana haki. Niliondoka pale kwa metro hadi Karama, nikaenda nyuma ya jengo. Yale mapipa makubwa ya chuma yalikuwa matupu, yameoshwa, yananuka dawa. Nilizunguka hata hivyo. Mlinzi wa jengo, yule mtu wa Kerala, aliniona, akaja na funguo. Kwa kile Kiarabu chetu cha kuvunjikavunjika aliniambia kwamba Alhamisi hakuwapo, alikuwa zamu ya jengo la pili, na kwamba angekuwapo asingeruhusu. Kisha akaniambia kopo la ustadhi, yaani Mwalimu, hajalisogeza, na kwamba kila asubuhi hufuta vumbi pembeni ila ndani haingizi mkono. Alinipandisha. Lilikuwa pale, kati ya madishi. Tulisimama wote wawili tukilitazama, watu wawili wasio na lugha, na nikaona kwamba katika mji mzima huyu ndiye aliyemwelewa.

Basi hesabu ya maisha yale ni hii. Nakala ya kwanza iliivisha maharage ya shule. Nakala ya pili ilikwenda na makartoni. Kilichobaki cha padri yule na Mwalimu, cha saa tatu zote zile za baridi na tope, ni kaunta moja iliyokuwa kwenye begi langu la kazini, na ndani yake siku sita za uongo kwa mwandiko wangu na kwa kalamu mbili.

Nimelala na jambo hilo kwa siku kadhaa. Tunapenda sana kusema kwamba watu wa zamani walikuwa na elimu kubwa. Hapana. Mwalimu hakujua kutuma barua pepe. Padri wake, nadhani, hakuwahi kuona bahari. Walichokuwa nacho ni kwamba waliweza kusimama mbele ya kitu kisicho na kitu, wakakitazama mpaka mwisho, wakaandika walichokiona na si kilichotakiwa. Walifanya hivyo bila kukaguliwa. Sisi tumegeuza: tunafanya kwa ajili ya anayekagua tu, naye akiwa anahesabu tu, basi tunampa cha kuhesabu. Tunajaza. Tunajaza vitabu vya raundi, tunajaza matanga kwa siku ambazo hatukwenda, tunamjazia marehemu mapenzi ambayo hatukumpa, tunabadilisha kalamu ionekane ni kwa nyakati mbalimbali. Mwenye chumba alifungua kaunta akaona sifuri akadhani hakuna kitu. Nani alimfundisha vingine? Katika vitabu vyetu sisi, sifuri na vyema na uongo vina uzito mmoja.

Nilimpigia binti yake. Nilimweleza yote, begi, mapipa, kila kitu, na nikasubiri anitukane. Nilisikia jogoo upande wake.

"Hiyo iliyobaki ina nini?"

"Ina mwezi wake wa mwisho. Na ina siku sita nilizodanganya mimi."

"Umezipiga mstari?"

"Bado."

"Zipige mstari, baba mdogo," akasema. "Halafu itume."

Nilizipiga mstari mbele ya meza ya walinzi, mchana, wenzangu wananiangalia. Mstari mmoja kila siku, ulionyooka, kwa rula, sifuri yangu ikisomeka chini yake. Juu nikaandika haikupimwa, mara sita, na sahihi yangu mara sita. Kaunta imekwenda na mwili.

Walioongea siku ya matanga sitawaomba wamwombe radhi Mwalimu, hasikii. Ninawaomba, na ninajiomba, kitu kidogo zaidi. Ukiulizwa ulikuwa wapi mtu huyu akifa, na hukuwapo, sema sikuwapo. Ukipewa kitabu na raundi hukwenda, andika sikwenda. Pengo lililoandikwa kuwa pengo mtu anaweza kujenga pembeni yake. Lililojazwa litamzamisha anayekuja nyuma akidhani ni ardhi.

Nimenunua kaunta mpya. Leo asubuhi nilitoka Al Quoz kabla jua halijapanda, nikapanda ngazi za lile jengo la Karama, na saa tatu kamili nikachuchumaa mbele ya kopo, macho sawa na chupa. Kulikuwa na vumbi kidogo na nyuki mmoja mkavu. Sifuri. Nimeiona.